Kikundi Kama Makao ya Lugha: Huduma na Jumuiya za Viziwi Nchini Uganda, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi huduma za mahali na vikundi vya kijamii vya viziwi na watu wenye usikivu hafifu vinavyofanya kazi nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba kikundi si pambo linaloongezwa baada ya huduma kupatikana. Kikundi ndicho mahali lugha yenyewe inapoishi, na huduma isiyotegemea kikundi huishia karatasini. Sehemu ya mwisho inawahusu moja kwa moja walimu na wanaisimu wa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kinapopanuka nchini Uganda kinawakuta watu ambao kwao hakitakuwa kamwe lugha ya kusikia.

Utangulizi

Katika vituo vingi vya afya nchini Uganda, mgonjwa hufika asubuhi, huandikisha jina lake, hukaa kwenye benchi na kusubiri. Muuguzi hutokea mlangoni, hutamka jina mara mbili au tatu, na asiyeitika huhesabiwa kuwa ameondoka. Utaratibu huu haukubuniwa kwa nia mbaya. Hata hivyo, kwa mtu asiyesikia, benchi hiyo ni mahali pa mashaka: hawezi kuinama kumtazama mtoto wake, hawezi kusinzia, hawezi kwenda msalani, kwa sababu jina lake likipita halirudi. Jioni wenzake wameshatibiwa naye bado yumo katika foleni. Dawa ipo, daktari yupo, na hakuna aliyemkatalia. Kilichokosekana ni kadi yenye namba, au mkono wa kumgusa bega.

Nimeanza na benchi kwa kuwa mijadala yetu kuhusu viziwi huanza mara nyingi na sikio: limeharibika kwa kiasi gani, litatibiwaje, kifaa gani kitafaa. Maswali hayo yana mahali pake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma za urekebishaji kwa sababu ya upotevu wa usikivu, na kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu huo kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Lakini aliyekwisha kuwa kiziwi haishi ndani ya takwimu za kinga. Anaishi kijijini, miongoni mwa watu wenye lugha asiyoweza kuisikia, na swali lake la kila siku ni nani wa kuzungumza naye.

Istilahi na uzito wake

Kabla ya kuendelea, ni vyema kueleza maneno yanayotumika humu. Watanzania husema lugha ya alama. Wakenya husema lugha ya ishara. Waganda tunaotumia Kiswahili tumo katikati, na hutumia jina la yeyote aliyetufundisha. Binafsi naelekea upande wa alama. Ishara ni kitu anachokitoa kila mtu: kukonyeza, kupunga mkono, kutikisa kichwa. Lugha ya viziwi ina maneno, ina sarufi, na asiyejifunza haielewi. Sidai kuwa Wakenya wamekosea, maana katika Kiswahili chao ishara imekwisha kupata hadhi ya kisheria. Nasema tu kwamba msikilizaji wa kawaida anapoambiwa ishara hudhani ni maigizo.

Neno kiziwi nalo lina utata. Lina umbo la KI-VI kama kipofu, kiwete na kilema, na wapo wanaoliona kuwa linamshusha mtu kuwa kitu. Wanapendelea asiyesikia au mtu mwenye uziwi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama upatanisho wa kisarufi ungeliunga mkono, lakini tunasema kiziwi amekuja na viziwi wamekuja. Lugha yenyewe imekwisha kumrudisha mtu katika ngeli ya watu. Luganda kimefanya jambo lilelile kwa njia nyingine: kiggala katika wingi ni bakiggala, kiambishi cha watu kikiwa kimepandishwa juu ya neno zima. Zaidi ya hayo, viziwi wenyewe wa Tanzania waliunda chama chao na kukiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Anayejitaja kwa jina hapaswi kusahihishwa na asiye wa jina hilo.

Neno linaloumiza kweli ni bubu. Linadai kwamba kiziwi hana sauti, ilhali koo lake ni zima. Kisha linahama taratibu kutoka kukosa sauti hadi kukosa akili. Katika Luganda uhamaji huo unaonekana bila kutafutwa: kasiru ni asiyesema, musiru ni mjinga. Mtoto anayeitwa kasiru na jirani zake tangu utotoni hahitaji kusikia ili ajue anavyotazamwa.

Shule, chama na katiba

Kwa miaka mingi shule za viziwi nchini Uganda zilifundisha kwa njia ya mdomo. Mtoto alitazamishwa midomo ya mwalimu na kuhimizwa atamke, na mikono ilionekana kuwa kizuizi cha usemi. Hata hivyo shule hizo zilikuwa za bweni, na bweni halikuwa darasa. Usiku, mbele ya kitanda, watoto walizungumza kwa mikono. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na wadogo walipokua waliwafundisha waliofuata. Ni vigumu kupata mfano bora wa lugha inayorithishwa bila mzazi. Katika jamii nyingi lugha hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa viziwi, ambao wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, lugha husogea kutoka rika hadi rika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwelekeo wa shule ulibadilika, na alama zikaruhusiwa kuingia darasani pamoja na usemi na maandishi.

Chama cha kitaifa cha viziwi, kinachojulikana kwa ufupisho wa UNAD, kilianzishwa mwaka 1973, yaani katika miaka ambayo kukusanyika kwa aina yoyote nchini humu kulihitaji ujasiri. Kazi yake iliyozaa matunda makubwa ilikuwa kudai kwamba lugha ya viziwi itambuliwe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo ya kitaifa, inataja kuendelezwa kwa lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kuitaja lugha hiyo katika katiba. Mwaka uliofuata, 1996, Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni akiwa mmoja wa wabunge wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na mkalimani wake akaingia pamoja naye.

Yafaa kusoma maneno ya katiba kwa uangalifu. Kuendeleza si sawa na kutumia. Kenya, miaka kumi na mitano baadaye, ilikwenda mbali zaidi: katiba yake ya 2010 inaitaka serikali ikuze matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda ilitangulia kufungua mlango, kisha ikakaa kizingitini. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2006 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi katika angalau taarifa moja kuu ya habari kila siku, na sheria mpya ikafuata mwaka 2020. Mkalimani huyo tunamwona, katika kisanduku kidogo pembeni mwa kioo. Kiziwi wa kijijini asiye na umeme hamwoni.

Jinsi kikundi kinavyofanya kazi

Vikundi vya viziwi ni vya namna nyingi. Kuna matawi ya chama wilayani, kuna waumini wanaokaa pamoja upande mmoja wa kanisa mbele ya mkalimani wao, kuna timu za mpira, kuna wazazi wa watoto viziwi, kuna wanawake, na kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Mara nyingi watu ni walewale. Anayekutana na wenzake Jumapili baada ya ibada ndiye huyohuyo anayeketi nao siku ya hisa.

Kikundi cha akiba kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake tofauti kati ya kushirikishwa na kuwapo tu huonekana wazi. Utaratibu unajulikana kote Afrika Mashariki: wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hupigiwa mihuri katika vitabu vyao, na fedha hufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake huwekwa na watu watatu tofauti. Mfumo wote ni wa macho. Fedha huhesabiwa mbele ya kila mtu, mhuri huonekana, kufuli huonekana. Ungedhani umebuniwa na viziwi.

Lakini mweke kiziwi mmoja katika kikundi cha watu ishirini na tisa wanaosikia. Atanunua hisa, atapigiwa muhuri, na mambo yote ya fedha atayaona. Kisha mazungumzo yanaanza: nani akopeshwe, faini ya kuchelewa iwe kiasi gani, mgeni apokewe au la. Watu huzungumza kwa kupokezana na kwa kukatizana, na midomo ya watu ishirini na tisa haisomeki. Akimvuta jirani mkono kuuliza, hujibiwa kwa kiganja kinachosema subiri. Baada ya saa nzima anaelezwa uamuzi kwa sentensi moja. Amechangia fedha kama wengine, lakini kauli yake haikuwamo. Siku akitozwa faini kwa kanuni asiyoijua, hudhani ameonewa, na pengine kweli ameonewa.

Katika kikundi cha viziwi watupu mambo hubadilika, na mabadiliko huanza na jinsi ya kukaa. Hawapangi safu, hukaa duara au nusu duara, kila uso ukionekana. Anayetaka kusema hupunga mkono, au huomba aliye karibu amguse mwingine, au hupiga mguu sakafuni ikiwa sakafu ni ya mbao na inatikisika. Mazungumzo mawili ya pembeni hayamsumbui mtu, lakini mtu mmoja akipita katikati ya duara hukata kauli ya mwenzake. Katibu naye ana tatizo ambalo katibu anayesikia halijui: hawezi kuandika na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa sababu akiinamisha macho kwenye daftari kauli inampita. Kwa hiyo mkutano husimama aandike, kisha huendelea. Na mkutano lazima uishe kabla ya giza. Nuru ndiyo hewa inayobeba lugha hii. Jua likizama na taa ikikosekana, wanachama huachana sentensi zikiwa nusu.

Kwa nje, hayo yote huonekana kuwa mambo ya akiba. Kwa ndani, ni shule. Katika duara hilo hufika kijana aliyekulia shambani bila kwenda shule, mwenye alama chache za nyumbani alizotunga na mama yake: kula, ng'ombe, njoo, kazi. Hana alama ya kesho kutwa, wala ya haki, wala ya jina lake mwenyewe. Haketishwi darasani. Anatazama, anaiga, anachekwa kidogo, anarekebishwa, na wanachama humpa jina la alama, pengine kwa kovu lake au kwa namna anavyocheka. Huduma hii haimo katika bajeti yoyote niijuayo, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote zilizotajwa katika makala haya.

Jinsi ilivyo kubwa ilionekana ilipokosekana. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Watoto wanaosikia walipewa masomo kwa redio. Watoto viziwi walirudishwa vijijini, katika nyumba ambamo mara nyingi hakuna anayejua alama, na barakoa zikawafunika hata midomo ambayo wachache wao wangeweza kuisoma. Tumezungumza sana kuhusu miaka miwili ya masomo iliyopotea. Kwa mtoto kiziwi kilichopotea ni mazungumzo yenyewe.

Serikali za mitaa zina nyenzo mbili zinazohusika. Kwanza, sheria ya mwaka 1997 inatenga nafasi mbili za madiwani wenye ulemavu katika baraza, mmoja wao akiwa mwanamke. Pili, ipo ruzuku maalumu inayotolewa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu kupitia wilaya. Zote mbili ni jambo jema, na zote mbili huwachukulia watu wenye ulemavu kuwa kundi moja. Kiziwi anayegombea udiwani huomba kura kwa wapiga kura ambao wengi wao hawajui lugha yake, na akishinda, baraza litahitaji mkalimani katika kila kikao. Anayetaka ruzuku hujiunga na kikundi cha mchanganyiko kilicho karibu, na humo humrudia yaleyale ya watu ishirini na tisa.

Mkalimani

Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichorithi kazi ya taasisi ya elimu maalumu iliyokuwapo kabla yake, hutoa stashahada ya ukalimani wa lugha ya alama, na ndicho kilichochapisha kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda mwaka 2006. Wakalimani wana chama chao. Tatizo ni kwamba mkalimani aliyehitimu hutafuta kazi penye malipo, yaani mijini, na wilaya ya mbali hubaki na dada, shangazi au mtoto wa kiziwi.

Ndugu hufanya kazi hii kwa upendo, lakini upendo si ujuzi, tena una mipaka. Mwanamke kiziwi anayetaka ushauri wa uzazi hutafsiriwa na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mlalamikaji kituoni hutafsiriwa na kaka ambaye huenda ndiye mlalamikiwa. Mkalimani wa kweli hutafsiri yote na huondoka bila siri ya mtu. Ndugu hufupisha, hulainisha na hukumbuka. Simu za video zimesaidia kwa kiasi, maana mkalimani aliyeko Kampala anaweza kuonekana kwenye kioo cha simu huko Arua, ila video hula bando haraka sana, na mtandao ukisuasua mkono huganda katikati ya neno.

Wasio huku wala kule

Watu wenye usikivu hafifu hutajwa pamoja na viziwi, lakini maisha yao ni tofauti. Wapo waliozeeka, waliougua uti wa mgongo, walioathiriwa na baadhi ya dawa za kifua kikuu, na waliokaa na usaha wa masikio utotoni bila tiba. Walijifunza kusema kabla ya kupoteza usikivu, au wamebaki na kiasi chake. Hawajui alama, na wengi hawataki kuzijua, kwa kuwa kuzijua ni kukiri. Hutabasamu na kuitikia ndiyo kwa maswali wasiyoyasikia. Shimesikio huwafaa wengine, ila betri zake ndogo hudumu wiki moja au mbili, na duka la betri hizo haliko trediksenta. Vikundi vyao ni haba mno. Mzee wa namna hii hujiondoa barazani polepole, na jamii husema amekuwa mkimya.

Kiswahili kinapofika

Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukitekeleza. Katika makongamano yetu tumelipokea jambo hili kwa shangwe, na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Lakini mwalimu wa Kiswahili atakayepangiwa shule ya viziwi, tuseme Wakiso au Mbale, anaingia na vifaa gani?

Akitegemea midomo, atashindwa mapema. P, B na M hufanana kabisa machoni: pata, bata na mata ni neno moja kwa anayetazama. Ubaya zaidi ni kwamba uti wa sarufi yetu umo katika silabi ndogo zisizo na mkazo. Katika nimekupa, jicho linaona nini? Mdomo unaofumba mara mbili. Nani alitoa na nani alipokea havionekani popote.

Na hapa ndipo lugha ya alama inaweza kumfundisha mwalimu. Kitenzi cha kutoa katika Lugha ya Alama ya Uganda, kama katika lugha nyingi za alama, hubeba mtenda na mtendwa katika mwelekeo wake: mkono ukitoka kwangu kwenda kwako, mimi nimekupa, ukitoka kwako kuja kwangu, wewe umenipa. Kiswahili hufanya hivyo kwa viambishi ni- na -ku-, u- na -ni-. Kiingereza hakifanyi hivyo ndani ya kitenzi. Mwanafunzi kiziwi tayari ana dhana ambayo wanafunzi wengi wa kigeni hutaabika kuipata. Kinachohitajika ni mwalimu anayeweza kuandika nimekupa ubaoni, kisha akaonyesha kwa mkono kila silabi inatoka wapi na kwenda wapi. Kwa hiyo Kiswahili cha viziwi kitakuwa Kiswahili cha maandishi kwanza, na mitaala iliyoandaliwa kwa kuanzia na kusikiliza na kuzungumza itahitaji kupinduliwa, si kupunguzwa.

Lipo pia suala la msamiati. Lugha ya Alama ya Uganda imekuwa jirani wa Kiingereza na Luganda, na wasemaji wake huambatanisha baadhi ya alama na miondoko ya midomo kutoka lugha hizo. Kiswahili kikiingia sokoni, polisi na mpakani, viziwi watahitaji kukisoma kwenye vibao na fomu. Kamusi ya safu tatu, yaani picha ya alama, neno la Kiswahili na mfano wa sentensi, ni kazi ambayo vyama vyetu vya Kiswahili vinaweza kuianza bila kusubiri Wizara. Ningependekeza ianze na maneno ya benchi lile la kituo cha afya: maumivu, tangu lini, mjamzito, vidonge, rudi Jumatatu. Picha za alama zisichukuliwe kwa mwalimu wala kwa mkalimani, bali zipelekwe kwenye vikundi, wilaya kwa wilaya, kwa kuwa alama za Gulu na za Mbarara hazifanani zote. Na watafiti watakaokwenda wapange kufika mapema alasiri.